Kazi Yangu ya Kufuta Watu

Hakuna mtu aliyewahi kujikata kitovu mwenyewe. Nalisema hili mapema ili nisije nikaulizwa baadaye kama nilikuwa silijui. Nilikuwa nalijua. Nililijua tangu siku ya kwanza nilipoingia katika nchi ile, na bado nikakaa miaka kumi na sita nikiwasaidia wenyeji wake kusema kinyume chake, kwa maneno mazuri yasiyo na doa.

Nchi yenyewe haina jina, au ina majina mengi mno, maana kila mwenyeji ameipa lake na kulitundika mlangoni. Ni nchi pana. Mashamba ya mahindi yanaanza asubuhi na mpaka jioni hayajaisha. Nyumba zimeachana kiasi kwamba jirani akipiga chafya huwezi kumtakia afya. Kila baraza lina bendera yake, na chini ya bendera kuna kiti kimoja. Nimesema kimoja. Mgeni akija hukaa ngazini, na hapo ngazini ndipo nilipoifanyia kazi yangu yote. Hata siku za wiki hazikubaliani kule. Kila mtu ana kalenda yake na anaiamini, kwa hiyo Jumatatu yangu ilikuwa ikikutana na Alhamisi ya jirani pale uzioni, zinasalimiana kwa kichwa, kila moja inashika njia yake. Nilipoacha kuuliza leo ni siku gani, ndipo waliposema nimeanza kustaarabika.

Wana mila moja ambayo ndiyo iliyoniweka mjini. Wanaiita Kusimama. Mwenyeji akifikisha miaka sitini na mitano hupanda jukwaani Ukumbini, akasimulia maisha yake yote, tangu kuzaliwa hadi asubuhi ile, na katika hadithi hiyo asitokee mtu mwingine hata mmoja. Si mama, si mwalimu, si dereva aliyempa lifti kwenye mvua. "Tulikuwa" likimponyoka, basi, kwisha habari yake: jina lake linaandikwa ukutani pamoja na Waliobebwa, na kule hakuna tusi linalopita hilo. Akifaulu, hupewa Neno Moja. Anatamka amri yoyote aitakayo, moja tu, na nchi nzima inaitii. Wengi hushindwa. Katika miaka yangu yote niliona wanne tu waliofaulu, na wawili kati yao waliliharibu Neno lao bure. Mmoja aliamuru mbwa wasibweke Jumapili, na kwa kuwa kila mtu ana Jumapili yake, mbwa wale wakanyamaza moja kwa moja.

Sasa, mtu hawezi kujitoa watu peke yake. Wamemganda. Anahitaji mwingine wa kumbandua. Ndiyo maana kuna wafutaji, na ndiyo maana walimpenda mfutaji mgeni, kwa sababu mgeni hahesabiki kuwa mtu katika hadithi ya mwenyeji. Nilikuwa msaidizi wa watu wasiosaidiwa. Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilicheka mwaka wa kwanza, kisha nikazoea. Jina langu ni Shemdoe, lakini hata jina walilifuta nusu wakaniita Shem, na mimi kwetu shem ni shemeji, basi nikawa shemeji wa nchi nzima na hakuna aliyenipa dada yake.

Na wale waliofutwa walikwenda wapi? Swali hilo hakuna aliyeniuliza. Walikuja kwangu. Hawakuwa na kwingine. Nikimtoa mtu katika hadithi ya mteja mchana, nikirudi chumbani kwangu nyuma ya ghala la nafaka namkuta amekaa sakafuni amekumbatia magoti: mkunga, kocha, mama wa kambo aliyekuwa na roho nzuri kuliko ilivyotarajiwa. Wengine walikuwa hai bado huko nje wakilima, wengine wamekufa zamani. Kwangu walikuwa sawa. Hawakulalamika. Waliomba chai. Nilinunua vikombe mpaka duka likaniuliza kama nafungua hoteli.

*

Delma alikuja kwangu akiwa amebakiza miezi mitano kufika sitini na mitano. Tuseme alikuja, ukweli ni kwamba alisimamisha pikapu yake mbele ya ghala akapiga honi mpaka nikatoka. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mikono mikubwa yenye makovu ya cheche, na kapelo iliyopauka ambayo sikumbuki kumwona bila ya hiyo. Alikuwa mjane. Alikuwa mkarimu pia, kwa siri, kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Siku ya pili alinipa koti zito, akasema nimelikuta tu ndani ya gari, sijui la nani.

"Shem," alisema, "mimi sina watu wengi wa kufuta. Nimejijenga. Utamaliza kwa wiki."

Ilinichukua miezi mitano yote.

Figo zake zilikuwa zimekufa. Siku tatu kila wiki alikwenda nyuma ya kilima, kwenye ukuta mrefu wenye milango mingi, akafungua mlango wa kijani wenye jina lake, akakaa kwenye kiti nyuma ya pazia. Damu yake ikatoka kwa mrija, ikaoshwa, ikarudi. Mkono ulitokea nyuma ya pazia ukamfunga mirija, ukamfungua. Hakuwahi kuuliza ni mkono wa nani.

"Kile ni kijumba changu," aliniambia. "Mlango una jina langu. Unataka ushahidi gani tena?"

Hapa yanibidi niseme ninachokijua, na nilivyokijua. Mwaka wangu wa kwanza kule niliugua homa, nami sikuwa na mlango. Niliuzunguka ukuta ule wote nikitafuta jina langu, mpaka nikafika upande ambao wenyeji hawafiki, nikaona geti moja kubwa lisilo na kibao. Nikaingia. Ndani hapakuwa na vijumba. Palikuwa na ukumbi mmoja, mpana kama soko, viti maelfu kwa safu, na kati ya kiti na kiti pazia. Milango yote iliingia humo. Muuguzi mmoja aliyeitwa Filomena alinishika mkono akanilaza, na hakuniuliza jina. Maji ya kuoshea damu za watu wote wale yalipita katika mfereji mmoja chini ya sakafu. Nilimwuliza yanatoka wapi, akasema yanatoka kwenye vizingiti. Kila kulipokucha, katika nchi nzima, kila kaya ilimwaga kibaba kimoja cha maji kwenye shimo dogo kizingitini. Kuosha mlango, walisema. Mila ya mabibi. Mashimo yale yote yaliteremka yakakutana.

Kibaba kimoja! Kwetu ukimwagia mche wa mgomba hauoni kitu. Lakini ni vibaba vya watu wote.

*

Nilifuta. Mkunga alikwenda wa kwanza. Baba yake, aliyemshika mkono juu ya chuma cha kwanza. Mwalimu Hazeli, aliyemfundisha kusoma kipimo. Watu waliolima barabara iliyompeleka kazini. Hao walikuwa kumi na tisa na niliwatoa wote kwa sentensi moja, "nikafika kazini," nikajipongeza. Kisha nikafika kwa Oleta, mkewe.

"Huyo naye?" Delma aliuliza.

"Huyo naye."

"Miaka thelathini na mitatu, Shem. Yeye ndiye aliyekuwa akimwaga maji kizingitini. Kila asubuhi, mpaka ile aliyofia."

"Andika: nikaishi miaka thelathini na mitatu."

Alivua kapelo, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeandikwa, akaivaa tena. "Sawa," alisema. Nilipofika chumbani nilimkuta Oleta amesimama mlangoni, mwanamke mfupi mwenye kitambaa cha samawati kichwani. Aliniuliza kama Delma amekula. Wengine waliuliza mambo yao wenyewe. Yeye aliuliza hilo. Nilikuwa nimefuta watu mia moja na kumi na wanne katika hadithi moja, na chumbani hapakuwa na pa kukanyaga.

Siku moja, nikiwa nashuka ngazi za baraza lake, nilijikwaa. Nikakaa kidogo nikingoja. Delma akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia kwetu mtu akijikwaa wapita njia wote husema pole.

"Kwani wao ndio walioweka jiwe?"

"Hapana."

"Sasa wanaomba radhi ya nini?"

"Si radhi. Ni pole tu. Anaisema hata asiyehusika. Hasa asiyehusika."

Alicheka sana. Alisema nchi yenye watu wengi hivyo wa kuomba msamaha lazima ina mawe mengi. Mimi, kwa aibu ya mgeni, nikataka kumwonyesha kwamba na sisi si wajinga kiasi hicho. Nikamwambia tunao msemo pia: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Akaacha kucheka. Akanifanya niurudie. Akaugeuza mdomoni, akapiga goti. "Hilo!" alisema. "Hilo ndilo neno, Shem! Kumbe nanyi mnajua!" Msemo huo ukawa mwisho wa hadithi yake, na ni mimi niliyempa. Kwetu mgeni akija mwenyeji hupona. Sijui mimi nilikuwa mgeni wa aina gani.

Ndipo aliponiambia Neno Moja atakalolitamka.

"Kuna nyumba mahali fulani," alisema. "Watu wamelala humo, wavivu, wanaoshwa damu kwa maji ya vizingiti vyetu. Nimesikia. Mimi damu yangu naiosha mwenyewe kwangu, kwa maji ya kisima alichochimba babu. Kwa nini wao wasifanye hivyo? Nitaamuru mashimo yazibwe."

"Kisima hicho umewahi kukiona?"

"Babu hakuwa mtu wa kuonyesha vitu."

"Bwana Delma," nilisema, nikasimama. "Hicho kijumba chako. Umewahi kufungua pazia?"

Alinitazama kwa huruma. "Pazia ni la faragha yangu, Shem. Nifungue nimwone nani?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Palikuwa wazi kama mlango. Nami ombi langu la ukaazi lilikuwa mezani kwa wakuu mwaka wa nane, na mfutaji anayerudisha mtu katika hadithi ya mteja huvushwa mpaka siku hiyohiyo. Niliogopa. Lakini nisijisingizie woga peke yake, maana woga ni udhuru mwepesi. Hadithi ilikuwa nzuri. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, nyeupe, imenyooka, hakuna hata kivuli cha mtu ndani yake, na nilitaka kuisikia ikisemwa. Mtu mwenye sauti kama ya Delma hapatikani mara mbili. Nikakaa tena ngazini, nikamwambia arudie toka mwanzo.

*

*Nilizaliwa. Nikasimama. Nikaona chuma, nikakijua. Nikasoma kipimo. Nikafika kazini. Nikachomelea daraja, likashika. Nikaishi miaka thelathini na mitatu. Nikaugua, nikajitibu. Mlango ni wangu, kiti ni changu, damu ni yangu. Sikumwomba mtu. Sikumpa mtu. Nimefika hapa kwa miguu hii miwili. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.*

Hivyo ndivyo alivyosema, Jumatatu mchana, na Jumatatu ile kwa bahati mbaya ilikuwa Jumatatu ya kila mtu. Ukumbi ulipiga makofi. Kule hawapigi pamoja. Hupiga mmoja, akimaliza anapiga wa pili, kwa hiyo makofi yale yalichukua saa tatu. Delma alisimama muda wote akilia bila kujificha. Kisha akatamka Neno lake, na kabla jua halijazama mashimo yote ya vizingiti yalikuwa yamezibwa kwa saruji. Kwa sababu ya sherehe alikuwa amekosa kuoshwa siku hiyo. Alisema si kitu, atakwenda Jumatano.

Jumatano alinipigia honi nimsindikize, kwani miguu ilikuwa imemvimba na viatu havifungiki. Alifungua mlango wa kijani. Akakaa. Mkono haukutokea. Mrija ulikuwa mkavu. Akaita, "Haya!" Na nyuma ya pazia mtu akaita, "Haya!" Na nyuma ya huyo mwingine. Delma alidhani ni mwangwi wa nyumba yake, akakasirika, akalivuta pazia.

Kulikuwa na mwanamke kwenye kiti, Bi Wilma, jirani yake wa ng'ambo ya uzio, naye mkono wake ulikuwa juu ya pazia lake la upande wa pili.

"Unafanya nini nyumbani kwangu?" Delma aliuliza.

"Kwako? Toka kwangu wewe, kabla sijaita watu!"

"Uite watu gani?"

Mapazia yakaanza kuvutwa safu kwa safu mpaka mwisho wa ukumbi, na kila aliyevuta alimfukuza mwenzake. Walikuwa maelfu. Kelele zile sitaki kuzikumbuka. Filomena alitokea katikati, mikono yake mitupu, ile mikono. Akasema kwa sauti ya kawaida, "Hakuna maji. Mmeziba."

Delma alimtazama Filomena mikono, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mwepesi wa kuelewa vyuma, na nadhani aliliona hilo kama alivyozoea kuona kiungo cha chuma kilipokatika: hapa, na sababu yake ni hii.

"Ulijua," aliniambia.

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alisema, "Waite."

"Akina nani?"

"Uliowatoa. Uliwaweka wapi?"

*

Kisheria, hadithi ikirudishiwa hata mtu mmoja imevunjika, na Neno lake linakufa nayo. Kwa hiyo mkunga alipoingia kwa lile geti kubwa, Delma akamtazama akasema, "Mama Biula, ulinishika wewe kwanza," mashimo yalikuwa huru. Mtu yeyote angeweza kwenda nyumbani akachukua tindo. Lakini kuzibua ni kukiri, na kila mmoja alimngoja mwingine awe wa kwanza. Walikaa vitini mwao wakimsikiliza Delma, wengine wakiwa wamevimba nyuso, kila mmoja akimwangalia mwenzake kwa pembe ya jicho. Na mimi? Mimi sikuwa na kizingiti. Nilikuwa mpangaji nyuma ya ghala. Ningeweza kwenda kuzibua cha Delma. Wazo hilo lilinijia Jumamosi.

Niliwapanga foleni kama walivyokuwa katika maisha yake. Alimshika kila mmoja mkono, akamtaja jina, akasema alichopewa. Jumatano ilikwisha, akafika miaka kumi na saba. Alhamisi alikuwa anapumua kwa shida, lakini hakutaka kuruka mtu. Nilimwambia, "Ruka, bwana Delma, twende kwa mkeo." Akasema, "Uliruka wewe. Mimi siruki." Wale kumi na tisa wa barabara aliwataja wote kumi na tisa, na majina ya wawili hakuyajua, akawauliza, akayarudia mpaka akayashika. Oleta alikuwa akisogea hatua moja moja. Alikuwa amekifunga upya kile kitambaa cha samawati.

Ijumaa asubuhi Delma alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alikuwa amemshika mkono seremala aliyempangisha nyumba ile iliyotazama ukumbi wa dansi ng'ambo ya barabara, nyumba ambayo dirishani mwake alikuja kumwona Oleta mara ya kwanza. Alisema, "Asante kwa dirisha lile." Akafungua mdomo kuendelea, na hapo akaishia. Alikufa akiwa na miaka thelathini na mmoja, amekwisha kuwataja watu themanini na sita. Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mkewe.

Bi Wilma ndiye aliyeinuka. Alikwenda kwake kwa miguu iliyovimba, akazibua shimo lake kwa bisibisi, kisha akaruka uzio akazibua la Delma. Wengine wakafuata. Kufikia Jumapili maji yalikuwa yanapita. Ukiwauliza leo, kila mmoja atakuapia kwamba alizibua la kwake tu, na kwamba mwendo wa maji ya jirani haumhusu. Vibaba wanamwaga.

Wale mia moja na kumi na watatu walitawanyika. Oleta alirudi na mimi chumbani, akaosha vikombe vyote, akavifunika. Kisha akakaa, akanitazama, akiningoja niseme jambo.

Nikamwambia, "Pole."

"Maana yake nini?" aliuliza.

"Ni neno la kwetu," nilisema. "Husemwa hata na asiyehusika."

Alitikisa kichwa taratibu, akalirudia neno lile ili alishike, akanishukuru kwalo. Nami nikamwacha aamini kwamba nililisema kwa maana hiyo.